Hasara ya Waya

Kitabu cha mashine kinauita mlipuko.
Hapa Bukavu neno hilo lina kazi nyingine,
kwa hiyo kwenye daftari langu nimeandika: mpigo.

Simu ni ya Mama Zihalirwa, muuza sambaza wa Kadutu.
"Nikiita Uvira, iko sawa mutu ananifunika kinywa."
Mafundi watatu wameifungua kabla yangu;
skrubu moja haipo, nyingine si yake.

Nachomeka waya. Nasubiri umeme utulie,
maana nao una mchoro wake wa nguvu na saa:
hupanda saa nne usiku,
hushuka maharagi yakiwa bado magumu.

Chaneli: sitini na mbili.
Zamu: ya tatu.
Nguvu: kiwango cha tano, simu iseme kwa sauti yake yote.
Wapi pa kuanzia kuhesabu? Mugisho, mwanafunzi wangu,
anataka kuanzia ukingoni, pale nguvu inapochomoza.
Hapana. Tafuta kwanza alama ishirini na sita za katikati,
zile ambazo simu na mnara wanazijua kwa moyo
kama majina ya ukoo.
Ukizipata hizo, mwanzo utajulikana wenyewe.

Sasa uzio: mstari wa juu, mstari wa chini,
na njia nyembamba kati yao.
Mpigo upande kama ngazi za kwenda sokoni,
ukifika juu utembee sawa,
kisha ushuke, unyamaze,
kwa sababu wapo wanane kwenye chaneli hii
kama bidoni nane kwenye bomba la mtaa wetu,
na kila mmoja amepewa mikrosekunde
mia tano sabini na saba.
Anayechelewa kufunga amekunywa ya jirani.

Tunapima. Nguvu pungufu.
Mugisho ameshika chuma cha kulehemu tayari:
"Kipaza nguvu kimekufa, Yaya Nsimire."
Weka chini. Hasara ya waya umeandika ngapi?
Anatazama vidole vyake.
Sufuri.

Hakuna waya usiokula njiani.
Naandika desibeli moja na nusu;
mstari unapanda, unakaa mahali pake.
Tulikuwa tunaifunga simu kwa deni la mwingine.

Lakini Mama Zihalirwa hakusema uongo.
Tunachoangalia ni wastani wa mipigo mia,
laini, mzuri, hauna kovu,
na wastani ni kama yule jirani kwenye kilio
anayesema marehemu hakuwahi kugombana na mtu.
Naubadilisha. Naiambia mashine:
nionyeshe ulio mbaya kuliko yote, na usiusahau.

Sekunde moja. Nne. Saba.
Ya tisa, huu hapa:
umepanda vizuri, umetembea nusu ya njia,
halafu umezama,
shimo katikati ya zamu ambayo tayari ni ndogo hivyo.
Mugisho anapiga mluzi bila kujua.

Hatukuhitaji moto wala solda.
Kwenye springi ya betri kulikuwa na ukungu wa kijani,
chumvi ya sambaza, miaka miwili ya vidole
vinavyopima samaki na kupokea simu kwa wakati mmoja.
Mswaki, spiriti kidogo, pini ya kuinua springi.
Tukapima tena: mia, mia nyingine, mia nyingine.
Hata ulio mbaya ulikuwa ndani ya uzio.

Nilipoinua mkono kuhifadhi mchoro, umeme ukakatika.

Mama Zihalirwa alikuja na gizani akaita Uvira.
Tulikaa kimya, mimi na Mugisho, tukihesabu.
Dakika nne na ushee aligombana na binti yake
juu ya bei ya magunia,
na hakuna mtu aliyemfunika kinywa.

Mugisho akawasha tochi, akavuta daftari,
akaandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari mara mbili:
HASARA YA WAYA. KWANZA.